Punguza Dagaa, Usipunguze Kilo: Mwongozo wa Malighafi za Mimea Katika Chakula cha Kambare

Mfugaji wa kambare hajui hasara kwa sababu ya maji wala vifaranga peke yake. Mara nyingi anaijua pale anapojumlisha risiti za chakula. Katika ufugaji wa kambare, chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote, na ndani ya chakula chenyewe kinachobeba bei ni protini. Kwa wafugaji wengi wa ukanda wa Ziwa Victoria, na hata wa Morogoro, Dodoma na Pwani, protini hiyo maana yake ni dagaa.

Dagaa ni protini nzuri, lakini wana matatizo matatu. Kwanza, ni chakula cha watu: kila gunia linaloingia bwawani limeshindaniwa na jikoni. Pili, bei yao haitulii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali mavuno hushuka. Na wakati wa mvua hawakauki vizuri, wanavunda au wanaota ukungu. Tatu, wengi huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo hupimwa kwenye mizani pamoja nao. Unalipia protini, unabeba mchanga.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupunguza dagaa kwa zaidi ya nusu kwa kutumia mimea inayopatikana karibu nawe, bila kudumaza samaki. Jambo moja nitalisisitiza tangu mwanzo: mmea haushindwi kwa sababu ni mmea, hushindwa kwa sababu haukuandaliwa. Soya mbichi, mashudu yenye maganda, majani yasiyonyaushwa, hivyo ndivyo vinavyowafanya wafugaji waseme kambare hali majani.

Mjue kwanza unayemlisha

Kambare wetu, anayefahamika kitaalamu kama Clarias gariepinus, hula nyama na mimea, ila ameegemea zaidi upande wa nyama. Utumbo wake ni mfupi ukilinganisha na wa perege, hivyo hana uwezo mkubwa wa kushughulikia nyuzinyuzi. Mahitaji yake ya protini hubadilika kadiri anavyokua:

- Vifaranga wadogo: asilimia 45 hadi 50.
- Vifaranga wakubwa: takriban asilimia 40.
- Samaki wa kukuza, kuanzia gramu 50 hivi hadi kuvunwa: asilimia 30 hadi 35.
- Samaki wazazi: takriban asilimia 40.

Kutokana na orodha hiyo, chukua kanuni ya kwanza: usifanye majaribio ya mimea kwa vifaranga wadogo. Waache wale chakula bora chenye samaki wa kutosha. Kambare wadogo wakikosa protini hawatulii wakanyong'onyea tu, wanalana. Kubana chakula katika umri huo ni kununua vifaranga mara mbili. Nafasi ya kupunguza gharama iko kwa samaki wa kukuza, kwa sababu wao ndio wanaokula sehemu kubwa ya chakula chote cha msimu.

Malighafi zinazofaa, na dawa ya kila moja

*Soya.* Hii ndiyo nguzo. Punje nzima ina protini ya asilimia 36 hadi 40, na mashudu ya soya yaliyokamuliwa vizuri hufikia 44 au zaidi. Ina laisini nyingi, moja ya amino asidi ambazo mimea mingi hukosa. Tatizo lake ni kwamba soya mbichi ina kemikali zinazozuia protini kumeng'enywa, hivyo samaki hula na asinenepe. Dawa ni moto. Kaanga kwenye sufuria pana au pipa la kuzungusha, ukikoroga bila kuacha, mpaka ganda lipasuke na harufu ya ubichi iishe. Vunja punje chache uangalie: ndani ziwe na rangi ya dhahabu hafifu. Zikiwa kahawia iliyokolea umezidisha, na laisini imeungua. Njia nyingine ni kuloweka, kuchemsha kwa takriban nusu saa tangu maji yaanze kutokota, kisha kuanika mpaka zikauke kabisa.

*Mashudu ya alizeti.* Singida na Dodoma yanapatikana kwa wingi, na bei yake ni nafuu. Yana amino asidi ya methionini ya kutosha, lakini laisini ni kidogo. Adui yake ni maganda. Mashine ndogo za kukamulia huacha maganda mengi, na maganda ni nyuzinyuzi tupu. Saga, kisha chekecha kwa chekeche ya unga. Kilichobaki juu wape ng'ombe au mbuzi. Kilichopita ndicho cha samaki. Baada ya kuchekecha, protini huwa katika asilimia 28 hivi, na mashudu ambayo hayakuchekechwa huwa chini ya hapo.

*Mashudu ya ufuta.* Yana protini ya karibu asilimia 40 na methionini nyingi kuliko malighafi nyingi za mimea. Upungufu wake ni laisini. Ndiyo maana soya na ufuta hufaana kama mahindi na maharage ndani ya makande: kinachokosekana huku kinapatikana kule. Ufuta wetu mwingi huuzwa nje ukiwa mbegu, hivyo mashudu yake si rahisi kuyapata. Ukiyapata mapya yasiyonuka uchachu, yanunue.

*Mashudu ya pamba.* Simiyu, Shinyanga na Mwanza hayakosekani. Yana protini nzuri, lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya pamba inayodumaza samaki na kuathiri uzazi wao. Pia gosipoli hushikana na laisini na kuifanya isitumike mwilini. Usizidishe kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula, na usiwape kabisa samaki wazazi.

*Mashudu ya karanga.* Protini yake hupita asilimia 40, na samaki huyapenda. Lakini karanga ni makao mazuri ya ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na hushambulia ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Usiichukulie kuwa jambo la wataalamu wa maabara tu. Mashudu yenye vumbi la kijani, madonge au harufu ya uvundo usiyanunue hata yakitolewa bure.

*Majani ya mlonge.* Yakikaushwa yana protini ya asilimia 25 hadi 30, pamoja na vitamini na madini. Anika kivulini, si juani, ili yabaki na rangi ya kijani, kisha saga yawe laini. Yana uchungu na kemikali zinazopunguza hamu ya kula, hivyo ishia kilo 5 hadi 10 katika 100.

*Majani ya muhogo.* Kisamvu kikavu kina protini ya asilimia 20 hadi 25, lakini kikiwa kibichi kina sayanidi. Katakata majani vipande vidogo, yaache yanyauke, kisha yaanike yakiwa yametandazwa kwa wepesi mpaka yavunjike mkononi. Kukatakata ndiko kunakoifungulia sumu njia ya kutoka, kwa hiyo kuanika majani mazima hakutoshi. Kiwango ni kilo 5 katika 100.

*Lukina.* Majani ya mti huu yana protini nyingi, na kwenye mashamba mengi yapo tayari kwa ajili ya mbuzi. Yana mimosini, sumu yake ya asili. Yaloweke kwa siku moja hadi mbili, mwaga maji, anika, saga. Kiwango kisizidi kilo 5 katika 100.

*Azola.* Mmea huu mdogo unaoelea hujipatia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi ndani ya majani yake. Unaweza kuuotesha kwenye kibwawa cha turubai chenye maji ya kina cha sentimita 10 hadi 15, kivuli cha wastani na samadi kidogo. Ukikauka una protini ya asilimia 20 hadi 30. Lakini piga hesabu kabla ya kushangilia: kilo 100 za azola mbichi zina maji zaidi ya kilo 90, hivyo unapata kama kilo 6 tu za unga. Kwa perege, azola ni chakula kizuri hata mbichi. Kwa kambare, ichukulie kuwa nyongeza ya kilo 5 hadi 10 katika 100, isiwe tegemeo.

*Machicha ya bia.* Kwa wanaoishi karibu na viwanda vya bia, machicha yaliyokaushwa yana protini ya asilimia 20 hadi 25, ila nyuzinyuzi zake si haba. Yakaushe siku hiyohiyo uliyoyachukua, maana huchacha haraka.

*Pumba.* Hizi ni za nguvu, si za protini. Pumba laini za mahindi zina protini ya karibu asilimia 10. Kwa mpunga, uwe makini: unachotaka ni pumba laini zinazotoka wakati wa kung'arisha mchele. Maganda ya mpunga yaliyosagwa hayana kitu cha kumnufaisha samaki, na mashine nyingi za mtaani huyachanganya na pumba. Sugua kiganjani: pumba laini hujikusanya kidogo na kuacha mafuta, maganda hukwaruza.

Piga hesabu kabla ya kuchanganya

Njia rahisi ya kuanzia ni mraba wa Pearson. Tuseme unataka chakula chenye protini ya asilimia 33, na una dagaa wa asilimia 55 na pumba za mahindi za asilimia 10. Toa 10 kwenye 33, unapata sehemu 23 za dagaa. Toa 33 kwenye 55, unapata sehemu 22 za pumba. Jumla ni 45. Gawa 23 kwa 45, zidisha kwa 100: unahitaji kilo 51 za dagaa na 49 za pumba ili kupata kilo 100. Hivi ndivyo wafugaji wengi wanavyochanganya, nusu kwa nusu, na ndiyo maana chakula chao ni ghali.

Sasa tazama mchanganyiko huu wa kilo 100 kwa kambare wa kukuza:

- Unga wa dagaa: kilo 20 (protini kilo 11.0)
- Mashudu ya soya: kilo 28 (12.3)
- Mashudu ya alizeti yaliyochekechwa: kilo 18 (5.0)
- Mashudu ya ufuta: kilo 8 (3.2)
- Pumba laini za mahindi: kilo 13 (1.3)
- Unga wa muhogo wa kushikanisha: kilo 8 (0.2)
- Mafuta ya alizeti: kilo 2
- Unga wa mifupa au DCP (daikalsiamu fosfeti): kilo 2
- Premiksi ya vitamini na madini ya samaki: kilo 1

Jumla ya protini ni kilo 33 katika 100, sawa kabisa na mchanganyiko wa kwanza, lakini dagaa wameshuka kutoka kilo 51 hadi 20. Ukitumia soya uliyoikaanga mwenyewe badala ya mashudu, weka kilo 30 na uyaache mafuta, kwa kuwa punje nzima bado ina mafuta yake; protini itakuwa kama asilimia 32. Ukikosa ufuta, ongeza kilo 8 za alizeti mahali pake. Utabaki pia kwenye asilimia 32.

Usiruke vile vitu vya kilo moja na mbili. Fosforasi nyingi ya mimea imefungwa katika umbo ambalo samaki hawezi kulimeng'enya, hivyo chakula cha mimea bila unga wa mifupa huzaa samaki wenye mifupa dhaifu. Vitamini C nayo huharibika kwa joto na kwa kukaa muda mrefu, na kambare wakiikosa hupinda mgongo na hata fuvu hupasuka. Premiksi ina bei ya juu, lakini ni kilo moja tu katika mia.

Dagaa nao usiwaondoe wote. Zaidi ya protini, wao ndio wanaotoa harufu na ladha. Kambare hutafuta chakula kwa sharubu na ladha kuliko kwa macho, na chakula kisichonuka samaki hukisusia. Nakushauri usishuke chini ya kilo 15 katika 100 kama huna mtaalamu wa lishe anayekuongoza.

Kumbuka pia kwamba namba hizi ni za wastani. Alizeti ya mashine hii si ya mashine ile. Ukianza kununua kwa tani, peleka sampuli maabara upimiwe protini, nyuzinyuzi na majivu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ni mahali pa kuulizia. Majivu mengi kwenye dagaa maana yake ni mchanga.

Kutengeneza tembe

1. Saga kila kitu kiwe laini kama unga wa ugali, kisha chekecha. Chenga kubwa hupita tumboni bila kumeng'enywa.
2. Changanya vikavu. Premiksi na unga wa mifupa vichanganye kwanza na kilo chache za pumba, ndipo uvitie kwenye rundo kubwa, la sivyo vitakaa sehemu moja.
3. Pika unga wa muhogo uwe uji mzito. Uache upoe mpaka uweze kuushika, kisha uchanganye na vikavu pamoja na mafuta. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka ukifumbata donge lishikane bila kutoa maji.
4. Pitisha kwenye mashine ya tembe. Kwa mfugaji mdogo, mashine ya kusagia nyama inatosha. Tumia tundu la milimita 2 hadi 3 kwa samaki wadogo, 4 hadi 6 kwa wakubwa.
5. Anika kivulini penye upepo, juu ya turubai au chekeche ya waya, mpaka tembe ivunjike kwa mlio.
6. Jaribu: tia tembe tano kwenye glasi ya maji. Zikimumunyika kabla ya dakika 10, ongeza muhogo au saga laini zaidi.

Tembe za nyumbani huzama. Mwagia mahali palepale kila siku, au juu ya sinia lililoning'inizwa majini, ili uone kilichobaki. Hifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na tengeneza kinachotosha mwezi mmoja.

Badilisha kwa hatua

Usihame kutoka kilo 51 za dagaa hadi 20 kwa siku moja. Shuka hadi 40, kisha 30, kisha 20, kila hatua ikichukua wiki mbili. Kama una mabwawa au matangi mawili, lishe moja chakula cha zamani na jingine kipya, ukianza na samaki wa ukubwa na idadi sawa. Kila wiki mbili vua samaki 30 kila upande, wapime, na uandike. Lisha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa samaki wote kwa siku, asubuhi na jioni, na urekebishe kiasi kila baada ya kupima.

Dalili za chakula kibaya hazijifichi: wanachelewa kuja kula, wanatema tembe, matumbo yamejaa lakini migongo imekonda, ukubwa wao unapishana sana, kinyesi ni kingi na maji yanachafuka upesi. Ukiona hayo, rudi hatua moja nyuma na uchunguze maandalizi ya soya na alizeti kwanza. Hata chakula kikiwa kizuri, mimea huongeza kinyesi kidogo, hivyo uwe tayari kubadilisha maji mara nyingi zaidi.

Pima kwa kilo ya samaki, si kwa kilo ya chakula

Chakula cha bei ndogo na chakula cha gharama ndogo ni vitu viwili. Gawa kilo za chakula ulicholisha kwa kilo za uzito walioongeza samaki. Ukilisha kilo 60 na samaki wakaongeza kilo 40, uwiano wako ni 1.5. Zidisha uwiano huo kwa bei ya kilo ya chakula, utapata gharama halisi ya kuzalisha kilo moja ya samaki.

Chukua mfano wa bei tatu za kufikirika. Chakula cha dukani cha shilingi 2,500 chenye uwiano wa 1.3 kinakugharimu shilingi 3,250 kwa kilo ya samaki. Mchanganyiko wako wa shilingi 1,600 wenye uwiano wa 1.8 unakugharimu 2,880. Pumba na majani yaliyosagwa ovyo kwa shilingi 1,300, uwiano ukiwa 2.7, yanakugharimu 3,510, na juu ya hapo samaki wamekaa bwawani miezi ya ziada. Cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichokula pesa nyingi kuliko vyote. Weka bei za soko lako na uwiano wa bwawa lako, uone mwenyewe.

Mfugaji, soya ipo, alizeti ipo, mlonge unaota uani. Kinachotakiwa ni moto wa kutosha, chekeche, mizani na daftari. Anza na bwawa moja msimu huu, uandike kila kilo inayoingia na kila kilo inayotoka, na uyaamini maandishi hayo kuliko neno la muuza chakula yeyote. Dagaa utakaowapunguza bwawani watabaki sokoni kwa ajili ya mama anayewanunua awapikie wanawe.